Visa Sita katika Kata Ndogo Moja: Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Mwezi huu nimeutenga ukurasa wote kwa barua tatu kutoka Seme, Njoro na Vihiga, kwa sababu zote zinauliza namna ya kuzisoma hesabu za uhalifu pale wakazi wanapokuwa wachache na kila aliyeibiwa anajulikana kwa jina.

SWALI: Mhariri, mimi ni mkulima na katibu wa kamati ya Nyumba Kumi katika kata ndogo moja huku Seme, Kaunti ya Kisumu. Katika baraza la mwezi uliopita tulisomewa kwamba wizi wa mifugo umepanda kwa asilimia 100 kwa mwaka mmoja. Watu walishtuka. Imependekezwa kila boma litoe shilingi 300 kwa mwezi ili tuajiri walinzi wa usiku, na tayari baadhi ya vijana wa bodaboda wameanza kutajwa kwa majina. Nilipolifungua daftari la mzee wa kijiji nilikuta visa 4, 2, 5, 3 na 6 kwa miaka mitano, hivyo 6 vikiwa vya mwaka jana. Sisi ni watu wapatao 4,200. Isitoshe, mwaka jana mtu mmoja aliuawa, wa kwanza katika miaka hiyo mitano, na msomi mmoja akatuambia kwamba kiwango chetu cha mauaji kimezidi cha nchi nzima zaidi ya mara nne. Je, tumekuwa kijiji cha wahalifu? Jambo jingine dogo: visa vinne kati ya vile sita vilitokea ndani ya majuma mawili ya Agosti, usiku wa kuamkia siku ya soko.

JIBU: Ndugu katibu, umefanya vyema kulitafuta daftari kabla ya kuiamini asilimia, na ningependa tuanze na asilimia hiyohiyo. Aliyesema kwamba visa vimepanda kwa asilimia 100 hakudanganya, kwa maana 6 ni mara mbili ya 3. Lakini mwaka huu vikirudi kuwa 3, baraza lilelile litatangaziwa kwamba vimepungua kwa asilimia 50, na mtu aliyesikia matangazo yote mawili ataondoka akidhani kwamba wizi bado uko juu kuliko ulipoanzia, ilhali ni visa vitatu vilevile vilivyoongezeka kisha vikaondoka. Asilimia hufaa pale hesabu inapokuwa kubwa, kama hesabu ya Kaunti nzima ya Kisumu iliyokuwa na watu 1,155,574 katika sensa ya 2019. Kwa hesabu inayoenea kwenye vidole vya mikono miwili, watajieni watu idadi yenyewe.

Kuna jaribio unaloweza kulifanya mezani na watoto jioni moja. Miaka miwili ya mwisho ilikuwa na visa 9 kwa jumla. Chukua sarafu ya shilingi 20, ile yenye ndovu upande mmoja na nembo ya taifa upande wa pili, uirushe mara 9. Ndovu akitokea, andika kisa kimoja katika mwaka wa kwanza, na nembo ikitokea, kiandike katika mwaka wa pili. Sarafu haijui kama mavuno yalikuwa haba wala kama vijana hawana kazi. Hata hivyo, ukilirudia jaribio hilo mara nyingi, utaona kwamba katika zaidi ya nusu ya majaribio mwaka mmoja hupata visa 6 au zaidi na mwingine hupata 3 au pungufu. Tofauti iliyowatia watu hofu barazani ni tofauti ambayo sarafu huizaa kila mara bila mwizi yeyote kubadilisha mwendo wake. Sisemi kwamba hakuna kilichobadilika kwenu. Nasema kwamba jumla hizo mbili pekee haziwezi kutuambia.

Ndiyo maana daftari lenu la miaka mitano ni la thamani kuliko tangazo la barazani. Jumla yake ni visa 20, yaani wastani wa visa 4 kwa mwaka. Mahali ambapo wastani wa kweli ni 4, na kila kisa kinatokea bila kuhusiana na kingine, miaka kama 96 kati ya 100 itakuwa na visa kati ya 1 na 8. Mwaka wenu wa visa 6 umo ndani ya mipaka hiyo, kama ulivyokuwamo mwaka wa visa 2, ambao sidhani mtu yeyote aliitisha baraza kuusherehekea. Vingefika 9 au 10, hapo ningewaambia kwamba hesabu yenyewe inatosha kuwaamsha.

Kuhusu yule aliyeuawa, kwanza nawapa pole, kwa maana kwenu huyo hakuwa takwimu. Sasa tuichambue kauli ya msomi wenu. Viwango vya mauaji hutolewa kwa kila watu 100,000, na cha Kenya ni karibu 5 kwa mwaka. Akiuawa mtu mmoja kati ya watu 4,200, hesabu hiyo hutoa karibu 24, na ndiko alikoitoa kauli yake. Lakini fikiria: kwa watu 4,200 hakuna mwaka ambao mngeweza kupata kiwango cha 5. Asipouawa mtu, kiwango ni 0. Akiuawa mmoja, kiwango ni karibu 24. Wakiuawa wawili, ni karibu 48. Katikati hapana kitu. Kwa njia hiyo ya kuhesabu mlikuwa miongoni mwa jamii salama kuliko zote duniani kwa miaka minne mfululizo, kisha mkawa hatari kwa ghafla. Ukiiunganisha miaka yote mitano, kifo kimoja kati ya watu 4,200 ni kiwango cha 4.8 kwa mwaka, yaani takriban sawa na nchi nzima. Hata hiyo 4.8 imesimama juu ya kifo kimoja tu, kwa hiyo usiitegemee sana. Inatosha kuonyesha kwamba ile ya mara nne haina mguu.

Tuje kwenye lile uliloliita jambo dogo, kwa sababu kwangu hilo ndilo barua yenyewe. Hesabu ya bahati niliyoieleza huchukulia kwamba visa havijuani. Vyenu vinne vinaelekea kujuana. Vilitokea ndani ya majuma mawili, usiku wa kuamkia soko, na jambo la namna hiyo halielekei kuwa kazi ya sarafu. Linaelekea kuwa kazi ya watu walewale, pengine wenye gari lilelile na mnunuzi yuleyule anayewasubiri alfajiri. Viondoe hivyo vinne na mwaka wenu unabaki na visa viwili, ambao ni utulivu wa kawaida. Jumla ya mwaka ilikuwa ikikuficha jambo ambalo tarehe zilikuwa tayari kukueleza.

Hii ndiyo nguvu ya jamii ndogo ambayo kaunti haina. Mtu wa Nairobi anayesoma jedwali la Kisumu hawezi kukijua kisa kimoja kimoja, lakini wewe unaweza kukaa na wenye maboma yale manne na kuwauliza: zizi liko upande gani wa barabara? Mbwa walibweka saa ngapi? Pikipiki au lori lilisikika likielekea wapi? Ng'ombe waliswagwa kwa miguu mpaka kwenye lami, au nyayo ziliishia langoni? Mifugo inayosafirishwa inapaswa kuwa na kibali kutoka ofisi ya mifugo, na kamati ya soko inaweza kukidai kibali hicho pamoja na barua ya naibu wa chifu kabla ya mnyama kubadilisha mikono. Ulinzi wa usiku mmoja kwa juma kwenye njia mbili za kuelekea sokoni huenda ukawagharimu kidogo sana kuliko shilingi 300 za kila boma kila mwezi, ambazo mjane mwenye mbuzi mmoja atazitoa sawa na mwenye ng'ombe ishirini.

Muulizeni pia aliyesoma hesabu ile: kisa ni nini? Katika Sheria ya Adhabu ya Kenya, wizi wa mifugo una kifungu chake cha 278, chenye adhabu ya hadi miaka 14 gerezani, na kinawataja ng'ombe, mbuzi, kondoo, nguruwe, punda, ngamia na hata mbuni; kuku hawamo. Iwapo mzee wa kijiji mwaka mmoja aliwaandika kuku na mwaka mwingine hakuwaandika, mnalinganisha vitu viwili tofauti. Tena, kuibiwa kwa ng'ombe saba kutoka boma moja ni kisa kimoja, na kuibiwa kwa mbuzi mmoja ni kisa kimoja pia. Andikeni vyote viwili, idadi ya visa na idadi ya wanyama.

Kuhusu vijana wa bodaboda nitasema waziwazi, kwa sababu nimeona mambo haya yakiishia pabaya. Hakuna hesabu ya visa inayoweza kumtaja mwizi. Visa 6 havina sura, havina umri, havina pikipiki. Majina yale yalitoka vinywani mwa watu walioogopeshwa na asilimia, na mtu akishatajwa hivyo, usiku mmoja kamsa ikipigwa, umati hautangoja ushahidi. Tafadhali, ndugu katibu, liombe baraza lijalo liyafute majina hayo mbele ya watu, kama yalivyotajwa mbele ya watu. Mwenye ushahidi aupeleke kituoni, apewe nambari ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi.

SWALI: Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii katika kijiji kimoja huko Njoro, Kaunti ya Nakuru. Chifu wetu amesifiwa kwa sababu mwaka mzima hakukuripotiwa kisa hata kimoja cha ukatili wa nyumbani katika kijiji chetu. Ninayoyaona nikizunguka manyumbani hayafanani na sifuri. Nifanyeje niyaseme bila kumwaibisha chifu na bila kuwaumiza wanawake walioniamini?

JIBU: Mama, sifuri ndiyo hesabu ngumu kuliko zote kuisoma. Hata kama kila kisa kingeripotiwa, mwaka mmoja bila kisa bado unaweza kutokea mahali ambapo wastani wa kweli unafikia visa 3 kwa mwaka. Hiyo ni kanuni ya kawaida ya watu wa takwimu. Na huku si kila kisa kinaripotiwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 uliwauliza wanawake wenyewe, nyumbani kwao, kwa faragha, na asilimia 34 ya wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walisema wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili tangu wafikishe miaka 15. Hiyo ni hesabu ya maisha, wala hailinganishwi moja kwa moja na hesabu ya mwaka mmoja, lakini kijiji ambacho hakina hata mmoja kingekuwa cha ajabu. Nchi nyingine zilitambua zamani kwamba kitabu cha polisi hakitoshi. Marekani imekuwa ikiwauliza wananchi wenyewe kuhusu uhalifu waliotendewa tangu miaka ya 1970, na Uingereza tangu miaka ya 1980, na Marekani kwa kawaida hukuta kwamba chini ya nusu ya visa vya ukatili ndivyo vinavyofikishwa kwa polisi. Kwetu, kabla ya kufika kituoni, kisa hupita kwa mama mkwe, kwa mchungaji, kwa wazee wa ukoo. Huko hupozwa kwa soda na maneno mazuri, na mwanamke hurudishwa nyumbani huku jicho likiwa limevimba.

Lakini uwe mwangalifu sana na hesabu unayotaka kuitoa, na hapa ndipo udogo wa kijiji unapokuwa hatari. Ukisimama barazani useme kwamba mwaka huu kulikuwa na kisa kimoja cha msichana wa miaka 14, katika kijiji cha maboma sitini umeshamtaja jina, hata kama hukulitamka. Watu watahesabu wasichana wa umri huo kwa vidole na kufika kwake kabla ya jioni. Kwa hiyo usitoe idadi ya kijiji kimoja. Zungumza na wenzako wa vijiji vya jirani mnaopeleka ripoti katika zahanati moja, mkusanye idadi ya vijiji vyote na ya miaka miwili au mitatu pamoja, bila umri kamili, bila mwezi, bila kuitaja nyumba wala ukoo. Na hata hiyo mpelekeeni chifu kwanza ofisini, si barazani. Mweleze kwamba hesabu ikipanda kutoka sifuri, haitakuwa aibu yake. Itakuwa ishara kwamba watu wameanza kumwamini. Chifu mwenye busara atalipokea hilo, na wapo wengi wa aina hiyo.

Kuna jambo moja lisilongoja hesabu. Unajisi wa mtoto si kesi ya wazee kuimaliza kwa faini ya mbuzi. Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 inaweka kifungo cha maisha kwa anayemnajisi mtoto wa miaka 11 au chini yake. Mpeleke mtoto hospitalini siku hiyohiyo, kisha kwenye dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Simu za 116, kwa ajili ya watoto, na 1195, kwa ajili ya ukatili wa kijinsia, hupigwa bila malipo.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu wa Vihiga. Kituo kidogo cha polisi kilifunguliwa karibu nasi miaka miwili iliyopita, na tangu hapo makosa yaliyoandikwa yameongezeka karibu mara tatu. Majirani wanasema polisi wametuletea wahalifu, na wengine wanataka kituo kihamishwe. Je, wana haki?

JIBU: Mwalimu, ninaamini wanachanganya kutokea kwa kosa na kuandikwa kwa kosa. Mama yangu mzazi aliishi mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kituo cha polisi kilichokuwa karibu zaidi. Usiku mmoja aliibiwa mbuzi wawili. Asubuhi aliiokota kamba iliyokatwa kwa kisu, akaitazama kwa muda, akaining'iniza juu ya mlango wa jiko, ikakaa pale kwa miaka. Hakwenda kuandikisha taarifa, kwa sababu siku nzima ya kutembea ilikuwa ghali kuliko tumaini la kuwapata. Katika vitabu vya serikali, mbuzi wale hawajaibiwa mpaka leo. Kama kituo kingekuwa nyuma ya kanisa letu, angekwenda, na hesabu ya mwaka ule ingepanda kwa kisa kimoja ambacho tayari kilikuwa kimetokea.

Hesabu inaweza pia kuenda upande wa pili bila tabia za watu kubadilika sana. Makosa yaliyoripotiwa kwa polisi nchini Kenya yalishuka kutoka 93,411 mwaka 2019 hadi 69,645 mwaka 2020. Huo ndio mwaka wa korona, na tangu tarehe 27 Machi kulikuwa na kafyu, mwanzoni kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Bila shaka wizi fulani ulipungua kwa sababu watu walikuwa majumbani na baa zilifungwa, lakini aliyevamiwa saa mbili usiku naye hakuweza kutoka kwenda kuripoti. Ni kiasi gani cha ule upungufu ni amani na kiasi gani ni ukimya, jumla haisemi.

Ushauri wangu ni kwamba muangalie makosa ambayo hayategemei sana umbali wa kituo. Mauaji huandikwa hata kituo kiwe mbali, na gari au pikipiki iliyoibiwa mara nyingi huripotiwa kwa sababu ya bima na hati za umiliki. Kama hayo hayajabadilika huku vipigo vidogo na wizi wa kuku na sufuria vikiongezeka mara tatu, basi kilichoongezeka ni uandikishaji. Angalieni pia mipaka: eneo linalohudumiwa na kituo halifuati lazima mipaka ya kata ndogo, na huenda OB ya kituo chenu inabeba visa vya vijiji vitatu ambavyo zamani vilikwenda kwingine. Ukitaka kugawanya kwa idadi ya watu, sensa ya 2019 ilitoa idadi hadi ngazi ya kata ndogo, lakini hakikisha kwamba watu unaowagawia ndio hao wanaohudumiwa na kituo. Na msijilinganishe na jirani kwa kupanga nani wa kwanza na nani wa mwisho. Hata FBI ya Marekani, inayokusanya hesabu kama hizi tangu mwaka 1930, huwaonya watu wasizitumie kupanga miji kwa namna hiyo.

Jambo litakalowasaidia zaidi ni kuomba kituo kiwape hesabu yenye tarehe mbili kwa kila kosa, ile ya kutendeka na ile ya kuripotiwa, bila majina. Mkiona kwamba katika miezi ya kwanza ya kituo watu walileta mambo ya mwaka uliotangulia, mtakuwa mmepata jibu lenu kwa maandishi. Ombi liandikwe kwa barua, lieleze wazi ni miezi ipi na makosa yapi mnayoyataka, na nakala ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa siku ilipopokelewa. Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaipa ofisi husika siku 21 za kujibu. Zikipita bila jibu, malalamiko hupelekwa kwa Tume ya Utekelezaji wa Haki, ambayo wengi wanaijua kama ofisi ya mtetezi wa umma.